Namna ya kuijua dumu metali na kuipitisha kwa wengine ukiwa Dodoma

Wimbo unaanza na mvua. Inanyesha, radi inanguruma kwa mbali, kengele ya kanisa inalia taratibu. Mara ya kwanza nilipoupiga kwa sauti nyumbani Chang'ombe, shangazi alikuwa jikoni anachambua mlenda. Ilikuwa Agosti, mwezi ambao Dodoma haioni hata wingu. Alitoka mbio uani kuanua nguo. Akarudi na shuka moja mkononi, kavu, akasimama mlangoni. "Mwanangu, hiyo mvua iko wapi?" Nikamwonesha spika. Akakaa kwenye kigoda kusikiliza ile kengele, na gitaa lilipoingia hakuinuka.

Wimbo huo unaitwa "Black Sabbath", wa bendi ya Black Sabbath, kwenye albamu yenye jina hilohilo, iliyotoka Ijumaa tarehe 13 Februari 1970. Mtindo mzima ninaouzungumzia hapa, muziki mzito na wa polepole wa magitaa, ulichipuka kwenye wimbo huo. Ukitaka kuutafuta mtandaoni andika doom metal, herufi kwa herufi. Sisi tunaoutaja kila siku tumezoea kutamka dumu metali, na hivyo ndivyo nitakavyoandika. Doom kwa Kiingereza ni ile hatima mbaya isiyokwepeka, maangamizi yanayokuja polepole huku kila mtu akiyaona.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Dodoma, Kondoa, Manyoni, Mpwapwa au Singida, mwenye simu, bando la kupimia, na pengine rafiki mmoja au wawili wa kusikiliza naye. Jambo moja ulishike tangu sasa: muziki huu haupiti kwa kutumiana viungo vya nyimbo ishirini kwa mpigo. Unapita kwa kukaa chini pamoja, wimbo mmoja, tangu mwanzo hadi mwisho.

Hatua ya kwanza: jua unachokisikiliza

Singeli inakwenda mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Dumu metali mara nyingi iko kati ya 50 na 80. Mtu aliyezoea muziki wa kuruka atadhani simu imeganda. Haijaganda. Mpiga ngoma anaacha nafasi kati ya pigo na pigo, na ndani ya nafasi hiyo gitaa linaendelea kuvuma. Mvumo huo ndio chakula chenyewe.

Nguzo ya kila wimbo ni rifu, yaani kifungu kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kurudiwa. Kama umewahi kuimba kwaya, nikueleze rifu ya wimbo ule wa kwanza kwa solfa. Chukua do. Panda hadi do ya juu. Kisha shuka hadi fi, ile iliyo katikati ya fa na so. Ikae hapo, itetemeshe. Basi, noti tatu tu. Sikio linangoja ile fi ipande iende so ipumzike, na haipandi. Wanarudi do, wanaanza upya. Ijaribu kwa mdomo sasa hivi kabla ya kuendelea kusoma. Utaelewa kwa nini watu wamekuwa wakiurudia umbali huo wa do na fi kwa zaidi ya miaka 50.

Aliyeipiga ni Tony Iommi wa Birmingham, Uingereza. Akiwa na miaka 17, mwaka 1965, alikuwa kibarua wa kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobana nyuzi. Wengine wangeliuza gitaa. Yeye aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya maji, akafinyanga vifuniko vya vidole na kuvivalisha ngozi. Nyuzi ngumu zilimuumiza, akafunga nyembamba. Baadaye akazilegeza pia: kwenye albamu ya Master of Reality ya mwaka 1971, gitaa limeshushwa nusu-toni 3 katika nyimbo kadhaa. Uzi ukilegea sauti inashuka, inakuwa nzito. Uzito tunaoupenda leo una mizizi kwenye mkono ule ulioumia.

Nina rafiki fundi wa kuchomelea mageti. Nilimsimulia kisa hiki karakanani kwake wakati wa chai. Alivua glavu, akaangalia vidole vyake kimoja kimoja, akasema, "Niwekee tena, toka mwanzo." Tangu siku hiyo simhesabu kama mtu niliyemshawishi. Alijishawishi mwenyewe.

Neno la mwisho hapa ni kuhusu jadi. Dumu metali ya jadi ina mwimbaji anayeimba kwa sauti ya wazi, maneno yanasikika. Kuna matawi ambayo mwimbaji ananguruma, kama yale yaliyoanzishwa kaskazini mwa Uingereza na bendi za Paradise Lost na My Dying Bride mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ni mazuri, lakini usianzie huko. Na kama masikio yako yamelelewa na muziki wa dansi, kuna kitu utakitambua mara moja: wimbo unatembea polepole, unasimulia, halafu baadaye unafunguka kama chemko, ile sehemu ya kasi. "Black Sabbath" wenyewe unafanya hivyo baada ya dakika ya nne.

Hatua ya pili: tayarisha vyombo

Spika ya simu itakudanganya. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka kama mara 82 kwa sekunde. Ukishushwa nusu-toni 3 unafika kama 69, na besi inayoufuata iko nusu ya hapo, karibu 35. Spika ndogo ya simu haifiki huko hata kidogo. Inachokupa ni mkwaruzo wa juu tu, na mtu akiusikia huo peke yake ana haki ya kusema ni kelele. Hedifoni za waya za bei ya chini zitakupa zaidi ya hapo.

Kama mna sabufa, vizuri sana, ila msiifungulie besi yote. Gitaa na besi kwenye muziki huu vinakaa karibu karibu, na besi ikizidi vinakuwa uji. Weka kitufe cha besi katikati, kisha ongeza kidogo kidogo. Isogeze sabufa mbali na kona ya chumba, maana kona inavimbisha sauti. Toa vikombe juu ya kabati la vyombo. Nasema hivi kwa sababu kwangu kikombe kilikuwa kinalia kila rifu inapofika chini, na kwa wiki nzima nilidhani rekodi ni mbovu.

Zima programu za simu za kuongeza besi au kutia mwangwi. Na kama nyumba ni ya bati, mvua ya Januari ikianza kupiga, acha. Subiri ipite.

Majira mazuri kuliko yote ni Juni mpaka Agosti, usiku, ule upepo wa Dodoma unapopita kwenye nyufa za dirisha na watu wamejifunika mablanketi. Sijui muziki mwingine unaokaa na baridi ile vizuri namna hii.

Hatua ya tatu: anza na albamu hizi

Usichukue orodha za mamia ya bendi. Chukua albamu moja kwa wiki, isikilize angalau mara tatu, ndipo uende nyingine. Mpangilio wangu ndio huu, na nimeujaribu kwa watu wengi.

Wiki ya kwanza ni ile Black Sabbath ya 1970. Wiki ya pili, Master of Reality ya 1971. Paranoid, iliyotoka katikati yao, ni maarufu zaidi, lakini kwa anayetafuta mlango wa dumu metali hizi mbili zinatosha.

Wiki ya tatu vuka hadi Uswidi. Candlemass wa Stockholm walitoa Epicus Doomicus Metallicus mwaka 1986: nyimbo 6, karibu dakika 43. Mpiga besi Leif Edling ndiye mtunzi. Johan Längquist, mwimbaji, alikuja tu kurekodi, hakuwa hata mwanachama kamili, na bado aliacha sauti ambayo watu hawajaisahau. Albamu haikuuza, kampuni iliyoitoa ikawaacha. Leo ni vigumu kumpata mpenzi wa mtindo huu asiyeijua. Mwaka 2018 Längquist alirudi, na mwaka uliofuata, kwenye albamu ya The Door to Doom, Tony Iommi mwenyewe akapiga gitaa katika wimbo mmoja. Nikifikiria hilo nafurahi kama ni ndugu zangu waliopatanishwa.

Kisha Trouble, wa Chicago, albamu yao ya kwanza ya 1984, ambayo baadaye ilijulikana kama Psalm 9. Magitaa mawili yanakwenda bega kwa bega, na marehemu Eric Wagner anaimba maneno yaliyojaa Biblia. Iweke kando, utaihitaji tukifika kwa wazazi.

Saint Vitus wa Los Angeles walitoa Born Too Late mwaka 1986. Fikiria mazingira: wamezungukwa na bendi za panki zinazokimbia, lebo inayowatolea muziki ni ya panki, na wao wanaburuta. Gitaa la Dave Chandler ni chafu, limejaa vumbi, kama barabara ya Kongwa kabla ya lami. Wimbo uliobeba jina la albamu unamhusu mtu anayeambiwa kila kitu chake kimepitwa na wakati. Ukiwa kijana wa Dodoma unayependa muziki ambao hakuna anayeupenda mtaani kwako, wimbo huo utakukamata kooni.

Pentagram, wa eneo la Washington, waliundwa mwaka 1971 na hawakutoa albamu kamili hadi 1985. Miaka 14. Isikilize ukijua hilo. Witchfinder General wa Uingereza, albamu ya Death Penalty ya 1982, ni nyepesi zaidi na ina rifu tamu, ila kava yake ina picha ya mwanamke nusu utupu. Usiifungue mbele ya familia.

Baada ya hapo uko huru. Mwaka ninaoutaja ni wa albamu. Solitude Aeturnus wa Texas, 1991, kwa anayependa sauti ya kupanda juu. Reverend Bizarre wa Ufini, 2002, kwa mwenye subira, maana kuna wimbo unaozidi dakika 20. Pallbearer wa Arkansas, 2012. Crypt Sermon wa Philadelphia, 2015. Na Warning wa Uingereza, Watching from a Distance, 2006, ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Nyimbo 5 tu. Hakuna wachawi, hakuna majumba ya kale. Ni mwanaume anasimulia jinsi alivyoshindwa kupenda sawasawa, na gitaa linamsindikiza kama watu wanaotembea nyuma ya jeneza. Usiisikilize ukiwa na haraka. Afadhali usiisikilize kabisa siku hiyo.

Hatua ya nne: pata nyimbo bila kumaliza bando

Piga hesabu kabla ya kupakua. Albamu ya dakika 43, ikiwa MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde, ni kama MB 103. Ikiwa ya kilobiti 128, ni kama MB 41. Kwa hedifoni za kawaida tofauti ni ndogo. Kwa sabufa nzuri utaisikia kwenye matoazi, yanakuwa kama maji. Ukisikiliza YouTube, shusha picha hadi ubora wa chini kabisa, maana hutazami chochote zaidi ya kava, na zima ile tabia ya kuendelea na video nyingine yenyewe, isikutoe kwenye njia. Bando la usiku ndilo la kupakulia.

Bendi za zamani zina kampuni zao. Bendi ndogo za leo zinaishi kwa kuuza zenyewe, na mahali pao pakubwa ni tovuti ya Bandcamp. Unasikiliza kwanza, ukiridhika unanunua, na faili linakuwa lako. Bandcamp inachukua asilimia 15 ya mauzo ya kidijitali. Tangu 2020 kuna Ijumaa maalumu za baadhi ya miezi ambazo haichukui fungu lake, kwa hiyo ukingoja Ijumaa hizo fedha yako inafika kwa mwanamuziki ikiwa imepungua kidogo sana. Unaweza kulipa kwa kadi, na kadi ya mtandaoni unaweza kuifungua kupitia huduma za pesa za simu.

Albamu nyingi ni dola 5 hadi 10. Kwa mmoja ni nyingi. Kwa wanne wanaochangiana si nyingi, na kuchanga tunakujua: tunachanga harusi, tunachanga msiba, tunashindwaje kuchanga albamu? Chagueni mtu mmoja awe mtunza nyimbo, anunue kwa jina lake, mkae kwake kusikiliza. Naye asiweke kila kitu kwenye flashi moja. Yangu iliungua na albamu kumi na moja ndani yake.

Hatua ya tano: fuata watu

Ukimaliza albamu unayoipenda, soma majina ya waliopiga. Njia hii inanifikisha mbali kuliko mapendekezo ya mashine yoyote. Mfano: mwimbaji wa Born Too Late ni Scott Weinrich, anayeitwa Wino. Ukimfuata nyuma unafika The Obsessed, bendi ya Maryland. Ukimfuata mbele unafika Spirit Caravan. Mfano mwingine ni Lee Dorrian. Alikuwa Napalm Death, bendi yenye kasi kuliko karibu zote za wakati wake. Akatoka, akaunda Cathedral, iliyokuwa miongoni mwa zile za polepole kuliko zote, na albamu yao ya kwanza, Forest of Equilibrium, ikatoka 1991. Mtu huyohuyo ana lebo inayoitwa Rise Above, na lebo hiyo imelea bendi nyingi za dumu metali. Kwa hiyo lebo nayo ni mtu wa kumfuata.

Usidharau majirani. Zambia, hapo tu tukivuka mpaka, miaka ya 1970 ilikuwa na bendi za roki zenye magitaa ya kukwaruza: WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Watu wanaiita Zamroki. Si dumu metali, lakini Africa ya Amanaz, ya mwaka 1975, ina nyimbo nzito na za huzuni ambazo mtu wa Black Sabbath atazielewa bila kuelezwa. Botswana nako kuna Skinflint, wanaopiga hevi metali ya mtindo wa zamani wakichota kwenye simulizi za Kiafrika. Mtu akikwambia magitaa haya si ya kwetu, mpe hizo.

Hatua ya sita: mpitishie mtu mmoja

Hapa ndipo wengi tunaharibu. Tunampenda mtu, tunampenda Candlemass, tunamtumia viungo kumi na viwili usiku mmoja. Hafungui hata kimoja.

Chagua mtu mmoja. Chagua wimbo mmoja kwa ajili yake, siyo kwa ajili yako. Mtu wa kwaya mpe Trouble au Candlemass, atasikia sauti. Mtu wa gitaa mpe Master of Reality. Mzee aliyependa dansi mpe ule wimbo wa mvua na mwambie asubiri chemko. Kaa naye. Usiongee wimbo ukilia, usimtazame usoni kuona kama ameupenda. Ukiisha, nyamaza kidogo. Akisema "haujanikaa", mshukuru, mnywe chai, msiongelee tena mpaka aulize mwenyewe.

Kwa Mgogo nina njia yangu. Naanza na marehemu Hukwe Zawose, mwana wa Dodoma, akipiga ilimba, ile ala ya Kigogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye tundu la ilimba hubandikwa utando wa buibui ili sauti izizime, isitoke kavu. Namwambia asikilize huo mzizimo peke yake, asiangalie wimbo. Halafu naweka gitaa la Iommi. Mpiga ilimba na mpiga gitaa, wasiojuana kabisa, wote wawili waliona kwamba noti safi peke yake haitoshi, inataka kitu kinachotetemeka pembeni yake. Mjomba wangu wa Bahi, aliyekulia kwenye ngoma ya muheme na zeze, alisikia hilo kabla sijamaliza kueleza.

Kwa walio mbali tuna kundi la WhatsApp, na sheria yake ni wimbo mmoja kwa wiki. Anayeuleta anaandika hivi, na hazidishi:

"Wiki hii: Candlemass, Solitude, 1986, Uswidi. Dakika 5 na ushee. Tumia hedifoni. Unaanza kwa gitaa tulivu. Subirini pale linapoingia kubwa. Maneno ni mazito, ya mtu aliyekata tamaa na maisha. Aliye na siku ngumu auache kwanza, anipigie."

Mstari wa mwisho huo tuliuongeza kwa makusudi. Muziki huu unabeba huzuni, na kwangu ulibeba vizuri: baba alipofariki, baada ya matanga kuanuliwa na watu kutawanyika, nyumba ikawa kimya kiasi cha kutisha, na Warning ndio waliokaa nami. Lakini mtu aliyezama hahitaji wimbo wa kuzama anaotumiwa na mtu asiyekuwepo. Ukijua rafiki yako yuko gizani, nenda kwake. Nyimbo zitangoja.

Hatua ya saba: wazazi, wachungaji na swali la shetani

Litaulizwa. Jibu kwa heshima na usidanganye.

Ukweli ni huu. Jina la Black Sabbath lilitokana na filamu ya kutisha ya mwaka 1963. Wimbo wenyewe unamhusu mtu aliyeingiwa na hofu baada ya kuona kivuli cheusi, na anamwomba Mungu amsaidie. Geezer Butler, mtunzi mkuu wa maneno, alilelewa katika familia ya Kikatoliki, na misalaba waliyovaa shingoni walitengenezewa na baba yake Ozzy Osbourne, mwimbaji wao. Trouble waliimba Biblia waziwazi. Vilevile ni kweli kwamba zipo bendi zinazoimba uchawi, bangi na kila aina ya giza. Mzazi akikuuliza, mwambie yote mawili. Akikuta mwenyewe lile ulilomficha, hutamwekea wimbo tena.

Mimi nilimpelekea mwalimu wangu wa zamani wa kwaya ule wimbo wa mvua. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, karibu." Nikamwomba dakika sita. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikipiga pigo kwenye goti. Katikati akaanza kuimba kwa sauti ya chini: do, do, fi. Akarudia. "Hii fi inatafuta so," akasema. "Mbona hawaipeleki?"

"Ndivyo walivyotaka mwalimu, tukae hapohapo."

Akafikiri. "Basi huu ni wa Kwaresima," akasema. "Pasaka bado." Hakuniambia anaupenda. Aliniomba nimwandikie jina la bendi kwenye karatasi.

Na jambo dogo la ujirani: adhana ikilia, zima. Ibada ikiendelea jirani, zima. Msiba ukiwa mtaani, hata kama unaona muziki wako unafaa msiba, zima.

Hatua ya nane: kikao

Watu wanne au watano wanatosha. Kikao chetu ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi, chumba cha mmoja wetu, Area C. Albamu moja, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, simu zote zikiwa kwenye ndoo mlangoni. Kahawa na karanga. Wakati wa zabibu, zabibu. Aliyeleta albamu anaeleza kwa dakika mbili imetoka wapi na lini, kisha tunazima taa. Umeme ukikatika katikati, na hutokea, tunamalizia kwa spika ya kuchaji. Ndiyo maana spika hiyo huchajiwa mchana wa kikao bila kukosa.

Kikao ninachokikumbuka zaidi hatukukipanga. Tarehe 5 Julai 2025 wale wanne wa mwanzo wa Black Sabbath walipiga pamoja kwa mara ya mwisho, uwanja wa Villa Park, mjini kwao Birmingham. Ozzy aliimba amekaa kwenye kiti. Tarehe 22 mwezi huohuo akafariki. Habari zilipofika usiku, mmoja alipiga simu, mwingine akaja na bodaboda, fundi akaja na nguo za kazi. Upepo ulikuwa mkali. Hakuna aliyeuliza tuweke albamu gani. Mvua ikaanza kwenye spika, kengele ikalia, na shangazi, aliyekuwa amekuja kunitembelea, akaomba tumsogezee kigoda.

Weka daftari. Tarehe, albamu, aliyeileta, waliokuwepo, na sentensi moja kutoka kwa kila mtu, hata ya kukataa. Daftari letu liko kwenye ukurasa wa 38, na sentensi nyingi ni za kukataa. Mwenzetu mmoja aliandika "ndefu mno" mara tatu mfululizo mbele ya Reverend Bizarre. Mwezi uliopita alihamishiwa kazini Manyoni. Alipokuja kuaga aliomba flashi yenye albamu hiyo, pamoja na daftari tupu.